Ramani ya ardhi za Wahispano wa New Mexico: hatua ya tatu

Ardhi mbili mpya, zilizogawiwa wakazi na serikali za Hispania na Mexico kabla ya Marekani kulitwaa eneo hili, zimeingia kwenye jedwali la ramani hii, nazo zimelazimisha safu ya ukubwa igawanywe: eneo lililodaiwa na eneo lililothibitishwa.

San Miguel del Vado, kando ya mto Pecos, ilitolewa mwaka 1794 kwa Lorenzo Márquez na wenzake 51. Zilidaiwa takriban ekari 315,000, zikathibitishwa 5,000 na ushei. Kilichoikata ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Sandoval, 1897: viwanja na mashamba yanayolimwa ni ya wenyeji, ila malisho na misitu ya pamoja ilikuwa mali ya dola, hivyo imerithiwa na Marekani. Wafugaji wa kondoo wakabaki na kipande cha bondeni. Huo ni unyang'anyi, hata ukivaa joho la mahakama.

Tierra Amarilla ina mtego mwingine. Hati ya 1832 iliacha malisho, maji na njia wazi kwa wote, lakini mwaka 1860 Bunge la Marekani liliithibitisha kama mali binafsi ya ukoo wa Martínez. Kwa hiyo aina ya ardhi isomwe kwenye hati ya kwanza, si kwenye uthibitisho.

Vipimo vya Kihispania vilivyomo kwenye hati: vara ya New Mexico ni inchi 33, karibu sentimita 84; legua ni vara 5,000, yaani kilomita 4.2 hivi. Mpaka unaotajwa kwa kilima au mto uchorwe kwa nukta, kwa sababu mto huhama.

Nakala ya mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliomaliza vita vya Marekani na Mexico na kuipa Marekani eneo hili, ikaguliwe pia. Ile iliyotiwa saini tarehe 2 Februari 1848 ina kifungu cha 10, kilichotambua hati za ardhi waziwazi. Seneti ya Marekani ilikifuta kabla ya kuridhia mwezi Machi. Kifungu cha 8, cha kuheshimu mali, kilibaki. Kifungu cha 9 kiliandikwa upya, na wakati wa kuwa jimbo ukaachiwa Bunge.

Ndiyo maana safu ya hadhi ya kisiasa imewekwa jirani na ya uthibitisho. New Mexico ilikuwa eneo chini ya Washington, bado si jimbo, tangu 1850, na mjumbe wake bungeni hakuwa na kura. Mahakama maalumu ya madai ya ardhi ilifanya kazi 1891 hadi 1904. Ujimbo ulikuja tarehe 6 Januari 1912, na katiba iliyolinda haki za mkataba huo ilikuwa imeandikwa 1910, miaka 6 baada ya mahakama kufungwa.