Skrini ya buluu imenitoa jasho

Kompyuta ya nyumbani ilizoea kunizimikia katikati ya kazi: skrini ya buluu, maandishi MEMORY_MANAGEMENT, kisha inajiwasha upya. Fundi mmoja pale Luthuli Avenue, Nairobi, bila hata kuifungua, akasema nibadilishe ubao mama (motherboard), ule ubao mkuu wa ndani. Kwa bei ile, heri ninunue mbuzi!

Nikaendesha MemTest86, programu ya kupima kumbukumbu ya kompyuta, kutoka kwenye flashi usiku kucha. Asubuhi, mistari myekundu ya makosa tele. Nikachomoa RAM zote mbili, yaani kadi za kumbukumbu, nikapima moja moja. Ya kwanza safi. Ya pili makosa matupu, hata nilipoihamishia tundu lingine.

Sasa natumia GB 8 za RAM badala ya 16. Kivinjari kinajikokota, lakini kompyuta haijazima tena. Nani anajua duka la RAM za aina ya DDR4 lenye waranti ya kweli, si ya mdomo?