Printa "Offline": maneno ya kuyajua kabla ya kumwita fundi

Mtu akisema "printa haiprinti", fundi hana pa kuanzia. Akisema ukurasa wa mipangilio unaonyesha anwani 192.168.1.57 ilhali poti kwenye kompyuta (mahali panapoandikwa kazi itumwe wapi) bado imeandikwa 192.168.1.34, kazi iliyobaki ni ya dakika mbili. Ndiyo maana naona kila anayetumia printa ya ofisi anastahili kufundishwa maneno haya, maana hayamhusu mtu wa kompyuta peke yake.

Tuanze na anwani ya IP, kwa sababu hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mara nyingi kompyuta huituma kazi kwenye namba hiyo, hata kama wewe kwenye skrini unaona jina tu. Mgawaji wa namba huwa ni ruta (kifaa kinachounganisha vifaa vya ofisi na mtandao) au seva, kwa utaratibu unaoitwa DHCP, na hugawa kwa muda, kama chumba cha kupanga. Printa ikizimwa Ijumaa na muda ukaisha kabla ya Jumatatu, chumba kinaweza kupewa simu ya mtu. Printa ikiwashwa hupewa namba nyingine, lakini kompyuta haina habari. Inaendelea kubisha hodi mlango wa zamani, haijibiwi, inaandika "Offline", yaani printa haipatikani. Printa yenyewe ni nzima kabisa.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye kioo cha printa fungua menyu ya mtandao, au chapa ukurasa wa mipangilio, usome anwani ya IPv4 (ndiyo zile namba nne). Kisha kwenye Windows fungua "Printer properties" (siyo "Printing preferences", watu huzichanganya), nenda "Ports", utazame poti yenye alama ya tiki. Namba zikitofautiana, umepata ugonjwa.

Tiba ya kudumu ni kuipa printa anwani isiyobadilika, na njia bora ni kuiambia ruta iitengee printa namba moja kwa kutumia anwani ya MAC. Hiyo ni alama ya kadi ya mtandao, tarakimu na herufi 12, nayo imo kwenye ukurasa uleule wa mipangilio. Angalia tu usichukue ya waya wakati printa inatumia Wi-Fi. Kila kadi ina yake. Wengine huandika anwani moja kwa moja kwenye printa. Inafaa, ila chagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta inagawa. Ruta ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, ipe printa 192.168.1.50, baada ya kuhakikisha haina mwenyewe. Ukiiweka ndani ya fungu hilo, siku moja ruta itampa mwingine namba hiyohiyo, na printa itakuwa inapatikana na kupotea bila mpangilio. Hitilafu hiyo huchosha sana kuitafuta.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, usihangaike na kompyuta. Maana yake printa iliomba namba na hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Kagua kebo, taa za tundu la mtandao, swichi ya mtandao, au nenosiri la Wi-Fi lililobadilishwa bila printa kuambiwa. Printa nyingi pia hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo haziuoni mtandao wa 5 GHz hata zikiwekwa kando ya ruta.

Kuna "Offline" nyingine ya uongo: anwani ni sahihi, ukiijaribu kwa ping (amri ya kuuliza kama kifaa kipo kwenye mtandao) inajibu, lakini Windows inashikilia kwamba printa haipo. Hapo chanzo mara nyingi huwa ni SNMP, njia ambayo kompyuta huitumia kuiuliza printa hali yake. Swali lisipojibiwa, Windows hudhani printa imezimwa. Kwenye "Ports" bonyeza "Configure Port", ondoa tiki ya "SNMP Status Enabled".

Foleni nayo ina mambo yake. Kila kazi hukaa kwanza kwenye foleni inayosimamiwa na huduma iitwayo spula. Kazi moja ikiharibika, zilizo nyuma yake zote husubiri, na kubonyeza kuprinti mara sita kunaongeza nakala sita za kusubiri. Kazi ikikataa kufutika, simamisha "Print Spooler" kwenye "Services", fungua C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yaliyomo, yaani ya .SPL yenye kazi yenyewe na ya .SHD yenye maelezo yake, kisha washa huduma tena. Folda yenyewe usiifute. Kumbuka pia kwamba kazi za wengine waliokuwa wakisubiri kwenye kompyuta hiyo zinafutika pamoja.

Printa ikitema karatasi nyingi zenye mistari ya herufi za ajabu, tazama mstari wa kwanza. Ukianza na %!PS, kazi imetumwa kwa PostScript, mojawapo ya lugha ambazo kompyuta huielezea printa ukurasa, na printa haiielewi, au imewekwa isome lugha nyingine kama PCL. Bonyeza kufuta kazi kwenye printa kwanza, karatasi zisiishe, kisha weka kwenye kompyuta draiva (programu inayoiwezesha kuzungumza na printa) ya modeli yako.

Na ile taa inayowaka ikidai karatasi ilhali trei imejaa? Mara nyingi waraka umepangwa kwa Letter, milimita 216 kwa 279, na trei ina A4, milimita 210 kwa 297. Badilisha ukubwa ndani ya waraka wenyewe, kisha kagua trei imesajiliwa kwa ukubwa gani kwenye kioo cha printa. Kusogeza vibana vya trei peke yake hakutoshi kwenye printa zote.