Siku moja maishani mwangu: siku nne za kijana wa Rhonda

Saa 11:00 alfajiri. Faili iko juu ya meza ya kulia chakula tangu jana usiku. Katika karatasi ya mashtaka kuna mstari mmoja ambao nimeusoma kuliko kosa lenyewe: "Umri: 13." Aliyeuandika hakuona cheti chochote. Alimtazama kijana usoni, akakisia.

Kijana anadaiwa kuiba nyaya za shaba kwenye nyumba inayojengwa, tarehe 28 Februari 2025. Alisomewa shtaka bila wakili, akajibu "ni kweli", akapelekwa mahabusu ya watoto. Mahakama ina uwezo wa kuagiza mtoto asiye na wakili apewe mmoja, na ndivyo faili hii ilivyonifikia, wiki mbili baadaye. Sitaandika jina lake, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha. Sheria inakataza mtoto mwenye kesi kutambulika, na naiunga mkono kwa moyo wote.

Saa 12:30. Rhonda, mtaa wa Nakuru, Kenya. Nimeshuka kwenye matatu nikatembea hadi kwa nyanya yake. Mama wa kijana alifariki, baba hajulikani aliko.

"Shosho, habari ya asubuhi?"

"Nzuri, wakili. Kaa kwanza unywe chai."

Nilipomuuliza kijana alizaliwa lini, hakutaja tarehe. Alisema, "Siku ile ya kura, Uhuru alipochaguliwa mara ya kwanza. Mimi niko kwenye foleni tangu usiku, naitwa, naambiwa msichana wako ameshikwa na uchungu. Nikaacha foleni. Sikupiga kura mwaka huo."

Kura hiyo ilipigwa tarehe 4 Machi 2013. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kama shosho anakumbuka sawasawa, siku ya wizi unaodaiwa kijana alikuwa na miaka 11, na zilibaki siku nne atimize 12.

Akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda. Ndani ya karatasi ya nailoni, chini ya kitambulisho cha marehemu binti yake, kulikuwa na kitabu cha kliniki. Kona zimeliwa na panya, lakini ukurasa wa chanjo unasomeka: 4/3/2013, kwa wino wa bluu.

Niseme kwa nini mikono yangu ilitetemeka. Zamani Kanuni ya Adhabu ilisema mtoto anaweza kubeba lawama ya jinai kuanzia miaka 8. Mtoto wa darasa la pili! Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, imeupandisha umri huo hadi 12. Kifungu cha 221 kinasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai kwa lolote alilotenda. Na aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi kwamba anajua. Kwa hiyo hata ile 13 iliyokisiwa kituoni ingepaswa kuwashughulisha. Hakuna aliyeuliza. "Ni kweli" ya mtoto aliye peke yake mbele ya watu wazima ikatosha.

Saa 2:15. Mahakamani. Gari la mahabusu limefika mapema leo. Tumekaa kwenye benchi la nyuma, yeye na mimi na afisa wa watoto. Nikamuuliza kama anajua kwa nini yuko hapa. "Kwa sababu ya waya." Na ulipoambiwa ujibu, ulielewa nini? "Nilidhani nikisema ni kweli nitaenda nyumbani."

Nikaandika maneno hayo kama alivyoyatamka.

Saa 3:40. Kesi za watoto husikilizwa faraghani: hakimu, karani, kiongozi wa mashtaka, afisa wa watoto, shosho, basi. Niliomba kwanza lile jibu la "ni kweli" lifutwe. Kisha nikatoa kitabu cha kliniki.

Kiongozi wa mashtaka alikisoma polepole, akaonyesha uungwana: hakubishana. Alisema yuko tayari kuondoa shtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Wengi wangeshukuru na kwenda zao. Mimi nilipinga, kwa sababu kesi iliyoondolewa kwa kifungu hicho inaweza kurudishwa kesho. Nataka mahakama itamke kwamba mtoto huyu hakupaswa kushtakiwa kabisa, na kwamba shida yake ni ya malezi na ulinzi, kazi ya afisa wa watoto.

Hakimu aliamuru kijana akabidhiwe nyanya yake leo hii. Kuhusu tamko, anataka rejista ya uzazi ya zahanati iletwe baada ya siku 14. Nilikuwa nimetumaini zaidi ya hapo. Lakini kijana hatalala tena mahabusu.

Saa 6:45. Chapati na maharagwe, nikiwa nimesimama.

Saa 8:00. Binti wa miaka 17, mfanyakazi wa nyumbani, shilingi 6,000 za mwajiri. Huyu umri wake haubishaniwi, na amekiri kwa hiari yake, mzazi akiwepo. Sheria ya 2022 inaruhusu kesi ya namna hii iondolewe kwenye mkondo wa mahakama: anaomba msamaha, analipa kidogo kidogo, anaonana na mshauri. Mwajiri alikuja na hasira, lakini aliposikia kwamba binti alituma zote kwa mamake mgonjwa, akaomba maji ya kunywa. Tumekubaliana miezi sita. Wakili kijana niliyekuja naye aliandika kwenye fomu "hukumu". Nikamwambia afute. Kwa mtoto sheria yetu haitumii neno hukumu, wala kutiwa hatiani, kwa maana maneno hayo humfuata mtu hadi anapoomba kazi akiwa na miaka 30.

Saa 10:30. Ofisini. Barua kwa zahanati kuhusu rejista ya Machi 2013. Nimeiandika mara tatu, maana rejista za zamani hupotea kwa urahisi, na sitaki mtu aijibu kwa mstari mmoja wa "haipatikani". Kesho nitaipeleka mwenyewe.

Saa 1:20 usiku. Shosho amepiga simu. Kijana amekula, ameoga, amelala na viatu. Halafu shosho akauliza kile kitabu cha kliniki kitarudi lini. Nikamweleza kwamba kimebaki kwenye faili ya mahakama mpaka kesi iishe.

"Wakili, hicho ndicho kitu pekee chenye maandishi ya mkono wa mama yake."

Sikulijua hilo asubuhi. Nimewasha taa tena, naandika ombi la kubadilisha kitabu kwa nakala iliyothibitishwa.