Mjomba na Safari ya Kalambo

Mjomba wangu alikuwa fundi wa maboti Kasanga kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona Maporomoko ya Kalambo, ya mto ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mahali mto unapoingia Ziwa Tanganyika alipajua vizuri. Mara nyingi alipita pale akijaribu boti iliyotoka kukalafatiwa, akalitazama lile bonde jembamba linalopotelea milimani. Lakini kazi ilikuwa ufukweni, na maporomoko yako juu, mbele ya kilomita kadhaa za korongo na mawe. Wenzake walikuwa wakisema watapanda kiangazi kijacho. Kiangazi kilikuja na kupita, na maboti hayakuacha kuvuja.

Baadaye akahamia Sumbawanga, Majengo, akawa anatengeneza milango na vitanda, na magoti yakaanza kumsumbua. Nilipopita kumsalimu siku moja mwaka 2014, mvua ikinyesha, hata kiti sikupewa kwanza.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mwaka huu tunakwenda Kalambo. Chukua ile tochi, umulike hapa.”

Alikuwa na kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kabati la mteja, na ile kalamu bapa ya mafundi. Mjomba hakuweza kupanga jambo lolote bila kulichora. Alichora mto, akachora ukingo wa nyanda za juu za Ufipa, akachora ziwa, na katikati akapiga mstari wa wima kwa kuegemeza pembemraba. Mstari huo ndio maporomoko: mto unaofika ukingoni na kudondoka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 220. Maporomoko ya Victoria, yanayojulikana dunia nzima, yana mita 108. Nilipomtajia hesabu hiyo aliiandika pembeni, akaipigia mstari chini.

Mchoro ule ulimaliza swali la kwanza. Njia ziko mbili. Ukitokea Kasanga unapanda korongo kutoka ziwani, na unayafikia maporomoko kwa chini, ukiwa umechoka. Ukitokea Sumbawanga uko juu tayari; unakwenda Matai, kisha kijiji cha Kapozwa, unatembea hadi ukingoni na kuyatazama maji yakianguka mbele ya miguu yako. Mtu mwenye magoti mazima anaweza kuchagua. Mjomba aliifuta njia ya ziwani kwa kidole gumba, na najua ilimuuma, maana ndiyo aliyokuwa ameiota.

Swali la pili, la mwezi, ndilo lililotusumbua. Rukwa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Februari na Machi mto umejaa na maporomoko yananguruma, ila barabara ndiyo hiyo. Siku zile lami ya kutoka Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga ilikuwa bado inajengwa, na huko kwenye njia za pembeni malori yalikuwa yakilala kwenye tope. Agosti barabara ni kavu kabisa, unafika bila shida, lakini maji yamepungua. Mimi nilitaka Agosti kwa ajili yake. Yeye alitaka Machi.

“Mwanangu, nimeyasubiri miaka yote hii niende kuona uzi?”

Mkewe alikuwa anachambua ulezi mlangoni. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mzee akiteleza huko Machi, hakuna wa kumbeba. Wakabishana kwa Kifipa, haraka mno kwangu, na mwisho ikapatikana Mei: mvua imekatika, tope limeanza kukauka, na mto bado una nguvu. Hadi leo, mtu akiniuliza aende Kalambo lini, namwambia Mei.

Jioni zilizofuata tulipanga mengine. Pikapu ya jamaa anayebeba mahindi, kwa sababu nyuma ya bodaboda magoti yake yasingefika hata Matai. Simu kwa ofisi ya kijiji, tupate kijana wa kutuongoza, maana ukingo ule hauna huruma kwa mgeni. Migebuka ya kukaanga, viazi na chai ya chupa. Makoti pia, kwa sababu Mei baridi ya Sumbawanga inakuwa imeshaanza kung’ata.

Ila jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyomsimulia habari za ng’ambo ya mto, upande wa Zambia. Juu kidogo ya maporomoko, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953, akakuta zana za mawe za watu wa kale sana, na pamoja nazo vipande vya miti. Mjomba akaweka kikombe chini.

“Miti? Siyo mawe?”

“Miti, mjomba. Imelala kwenye udongo wenye maji.”

Nilidhani atabisha. Akainuka, akaenda kwenye rundo la mbao nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha ubao wa boti alichokuja nacho toka Kasanga. Akaniwekea kidole sehemu moja, imemeng’enyeka kama mkate uliolowa, halafu akanipitisha chini yake, ambako ubao ulikuwa mgumu hata ukucha haukuingia. Akanieleza kwamba boti huoza pale kwenye mstari wa maji, panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Sehemu inayokaa chini ya maji siku zote, isipopata hewa, haiozi upesi. Kwa hiyo mti ukifunikwa na udongo ukiwa umelowa, na maji yasiondoke, yeye haoni kwa nini usingojee. Nilikuwa nimesoma maelezo hayohayo kwenye makala ya wataalamu. Yeye aliyatoa kwenye ubao.

Katika wiki hizo alijichongea fimbo ya mninga. Aliipiga randa hadi ikawa laini, akakichonga kishikio kwa kukipima kwenye kiganja chake mwenyewe, na mwishoni akagongomea kipande cha tairi isije ikateleza kwenye jiwe.

Safari yenyewe nitaisema kwa kifupi. Tuliondoka alfajiri, tukala vumbi hadi Matai, tukasaini kitabu cha wageni Kapozwa, na yule kijana wa kijiji akatupeleka kwa mwendo wa mjomba bila kuonyesha haraka hata kidogo, jambo ambalo nitamshukuru daima. Ngurumo tuliisikia kabla ya kuona chochote. Kisha miti ikaachana, na mbele hapakuwa na ardhi.

Mjomba alishika shina la mti kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Maji yalikuwa yanatoka ukingoni yakiwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa, na kabla ya kufika chini yalikuwa yameshageuka mvuke mweupe. Kwenye kuta za mwamba walitua ndege wakubwa aina ya korongo, wale wenye mfuko shingoni. Kijana akasema kiangazi hutaga mayai kwenye vishubaka vile. Mjomba hakusema neno kwa muda mrefu. Alipozungumza alimuuliza kijana mto unatumia muda gani kutoka pale chini hadi ziwani, na kama jiwe lile jeusi upande wa kushoto liliwahi kuanguka. Akala migebuka yake akiwa amelikabili korongo. Dereva alipiga honi kwa mbali mara kadhaa. Mjomba akasema dereva amelipwa, asubiri.

Mwaka 2023 habari za Kalambo zilienea duniani. Timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza kwamba pale pale juu ya maporomoko imekuta magogo mawili yaliyounganishwa makusudi, moja juu ya jingine, la juu likiwa limekatwa pengo likalie vizuri lile la chini. Umri wake ni angalau miaka 476,000, kabla ya binadamu wa aina yetu kuwepo. Nilimpelekea mjomba picha siku hiyohiyo. Akaikuza kwenye simu, akaipindua huku na huku, akalichunguza lile pengo kuliko alivyokuwa akichunguza kazi za wanafunzi wake.

“Wamelikata kwa kitu gani?”

“Kwa jiwe, mjomba.”

“Jiwe najua. Nauliza jiwe la namna gani.” Akavuta kiti karibu, akaanza kunieleza ni makali gani yangeweza kuacha ukingo ule kwenye gogo bichi, na yapi yangeishia kulipasua tu.