Kumbukumbu ya mradi: Kipepeo anajifunza kusimama

Zimebaki siku tisa kabla ya shindano. Leo jioni farasi wetu Kipepeo amesimama katikati ya uwanja, miguu yote minne imetulia, nami nimehesabu hadi sita kabla hajapiga hatua. Naandika nikiwa bado na vumbi la uwanjani, nisije nikasahau ilivyokuwa.

Kipepeo ni jike wa miaka saba, wa damu ya mbio, aliyekimbia pale Ngong Racecourse hadi mwaka jana. Mimi ni saisi, mtunza farasi, katika zizi moja huku Karen, Nairobi. Miaka kumi na moja nimewapiga farasi brashi, nimewatandika, nimewakabidhi wanaopanda. Safari hii mwenye farasi aliniambia nimpande mwenyewe kwenye shindano la dresaji, yaani kumwongoza farasi kwa utulivu katika mienendo iliyopangwa, daraja la mwanzo kabisa: kutembea, troti (mwendo wa kasi ya wastani), duara za mita 20, kisha kusimama na kutoa heshima kwa jaji. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mwezi wa kwanza nilidhani shida ni moto alio nao. Tukampunguzia nafaka, tukamwongezea nyasi ya boma rhodes, tukawa tunamtoa malishoni mapema na kumrudisha bandani kabla jua halijazama, maana ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na visubi, na visubi hupenda jioni; hata farasi aliyechanjwa hulindwa. Bandani akatulia. Nikimpanda, ni yuleyule: navuta hatamu apunguze, yeye anaongeza.

Aliyenifumbua macho ni mzee wetu, saisi aliyekulia kwenye mbio. Alinitazama siku mbili bila neno, ya tatu akaniita kando. "Kijana wangu, huyo hajakukaidi. Anakutii."

Farasi wa mbio huzoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni. Mpandaji akikaza hatamu, kwake ni kuambiwa kaza mwendo. Halafu joki, mpandaji wa mbio, hupanda na vikuku vya kukanyagia vilivyofupishwa, magoti juu, kwa hiyo ubavu wa Kipepeo haukuzoea kukumbatiwa na mguu wa mtu. Kila nilipomshika kwa nguvu nilikuwa namwambia kimbia, tena kimbia. Iliniuma. Muda wote huo mnyama anajitahidi, nami namwita mkaidi.

Basi tukaanza upya, chini. Natembea naye kwa kamba, natoa pumzi, nasimama. Akisimama, anapata kipande cha karoti na mkono shingoni. Wiki mbili sikufanya kingine. Nilipopanda tena niliacha mikono itulie, nikawa nasimamisha kwa kiuno: nakaa mzito, natoa pumzi ile ile, nafunga vidole kidogo tu na kuviachia. Siku hizo nilimfikiria sana Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimwacha bila nguvu chini ya magoti, hata kupanda juu ya farasi alihitaji kusaidiwa, na bado alishinda medali ya fedha ya dresaji kwenye Olimpiki ya 1952. Farasi wake alikuwa anasikiliza uzito wa mwili. Kipepeo naye ana masikio hayo.

Uwanja tumejitengenezea wenyewe, mita 20 kwa 40. Pembe hazikukaa sawa mpaka tulipopima kamba ya mshazari: ikifika mita 44 na sentimita 72 kotekote, uwanja umenyooka. Herufi za kuonyesha mahali kando ya uwanja nimezipaka rangi kwenye mitungi ya lita ishirini: A, K, E, H, C, M, B, F. Binti yangu amenitungia ya kukumbukia: Asha Kamwite Esta Haraka, Chai, Maziwa, Biskuti, Fanta. Jaji hukaa C.

Duara ndiyo iliyonichelewesha. Nilikuwa naanzia A na kumpeleka hadi kwenye pembe, inatoka yai. Duara ya mita 20 haiingii pembeni. Inagusa ukuta mita 10 kutoka kwenye pembe, yaani mita nne mbele ya K, kisha inapita X, yaani katikati kabisa ya uwanja. Niliweka mawe manne yaliyopakwa chokaa kwenye migusano hiyo, nikawa namtazamisha jiwe linalofuata kabla sijalifikia hili. Siku ya tatu akaanza kujikunja mbavuni mwenyewe, sikio la ndani likinigeukia.

Na leo, ule mstari wa katikati. Tumeingia A kwa troti, tukatembea, nikatoa pumzi kwenye X. Akasimama. Nikashika hatamu kwa mkono mmoja, nikashusha mwingine, nikainamisha kichwa. Hapo ndipo alipozoea kuchomoka. Nimesikia akishusha pumzi ndefu puani, shingo ikalegea, akalamba midomo. Mzee alikuwa amesimama pale C na kofia mkononi.

Kesho simpandi, namwacha malishoni. Jioni nitajaribu kumsuka shungi, nione kama atanivumilia nikiwa juu ya ndoo.