Kati ya .30-06 na .375 kuna risasi nzuri sana ambazo watu wanazipita tu

Wakuu, kazi yangu kwenye kambi ya uwindaji ni bunduki. Mgeni akirudi kutoka porini jioni mimi ndo napokea bunduki yake, nasafisha mtutu, nahesabu risasi zilizobaki, naandika kwenye daftari. Ukikaa huku pori la akiba la Rungwa misimu kadhaa unagundua wageni wanakuja na mawazo mawili tu kichwani, ama .30-06 na ndugu zake wa .300 magnum kwa wanyama wa kawaida, ama .375 na kwenda juu kwa nyati na simba. Hapo katikati kuna pengo, na ndani ya hilo pengo kuna risasi ambazo kwa maoni yangu zinafaa pori la miombo kuliko hizo zote mbili, ila hazina matangazo.

Hizo namba ni kipenyo cha kichwa cha risasi, kile kinachoruka, takribani kwa inchi. Nikisema katikati namaanisha kuanzia kipenyo cha .330 mpaka .366 ya inchi, yaani milimita 8.4 mpaka 9.3. Yenyewe .375 H&H naiacha nje ya mashindano, hiyo ya kampuni ya Waingereza Holland na Holland ipo tangu 1912 na sifa zake zinajulikana mpaka kwa wapishi.

Nianze na ninayoipenda, nisijifanye sina upande. 9.3x62, yaani kipenyo milimita 9.3, ganda urefu milimita 62. Hii ilitengenezwa na fundi bunduki wa Berlin anaitwa Otto Bock mwaka 1905, na soko lake kubwa lilikuwa makoloni ya Wajerumani Afrika, huku kwetu ikiwemo. Mlowezi mwenye shamba la mkonge au kahawa alikuwa anataka bunduki moja ya kufanya kila kitu, ya kupata nyama ya kula na ya kumzuia mnyama mkali asimalize mazao, na hela ya kununua zile bunduki za Waingereza zenye mitutu miwili hana. Bock akachukua Mauser 98, bunduki ya bolti ya Kijerumani, ya kawaida kabisa, ile ile ambayo viwanda vilikuwa vinaitoa kwa maelfu, akaunda ganda linaloenea humo ndani bila kupanua wala kurefusha kitu. Ujanja wote upo hapo. .375 ya Waingereza ilipokuja miaka saba baadaye ganda lake lilikuwa refu, likahitaji bunduki yenye bolti ndefu, na bolti ndefu ni gharama.

Sasa angalia namba maana wengi hapa ndo wanashtuka. Kichwa cha kawaida cha 9.3 kina greni 286, kama gramu 18.5, kinatoka kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Kichwa cha .375 kina greni 300, gramu 19.4, kinatoka kwa mita 770. Ukipiga hesabu ya uzito wa kichwa kwa unene wake, kile kipimo kinachokwambia kichwa kitazama ndani ya nyama kiasi gani, vyote viwili vinatoa .305, hawapishani. Kwa nguvu .375 inamshinda, jouli 5,700 na kidogo dhidi ya 4,800, sibishi. Lakini muulize bega lako hizo jouli 900 zinalipwa na nani.

Na bega ndo mada yenyewe bana. Kila mgeni kabla hajaingia porini tunampeleka kulenga shabaha, bunduki isije ikawa imeyumba kwenye ndege. Mimi nakaa pembeni siangalii shabaha, naangalia jicho na kidole. Mtu ana .416 mpya inang'aa, risasi ya kwanza poa, ya pili anaanza kukunja uso, ya tatu anafumba macho kabla hajavuta, na mtutu unashuka kidogo, unaiona kabisa kwa macho. Huyo kesho yake akikutana na dume la palahala mita 80 atampiga tumboni, na kumtafuta ni kazi ya traka, msoma nyayo wetu, mguu kwa mguu, jua linachoma, mbung'o wanakula shingo. Mgeni huyo huyo mpe 9.3 atapiga tano mfululizo anacheka. Inasukuma ndio, ila inasukuma taratibu, haikupigi kofi.

Halafu kuna banda la wachunaji. Ukitaka ukweli wa risasi usisome karatasi ya kiwandani, nenda pale saa mbili usiku na tochi. Dume la pofu aliyekomaa anaweza kufika kilo 700, 800 huyo, ni ng'ombe wa porini kwa kweli. Mgeni mmoja Mjerumani, mzee, alimpiga mmoja pembeni ya mbuga kwa 9.3, risasi ikaingia nyuma kidogo ya bega. Mnyama akatembea, hakukimbia, akasimama chini ya mti akalala. Tulipomchuna kitundu cha kuingilia kidole changu cha mwisho ndo kingetosha, upande wa pili kichwa chenyewe kimenasa chini ya ngozi, ngozi ya pofu ni nene inavutika kama mpira, kimekunjuka mbele kwa usawa pande zote, shaba imeng'ang'ania vizuri, nyuma bado kizima. Mchunaji akakitoa kwa ncha ya kisu kikaangukia kwenye beseni, ngo. Mapafu yote yameisha, na nyama ya bega ukiacha kitundu ni safi unaweza kuipeleka buchani.

Linganisha na .300 magnum ya kasi ikigonga bega kwa mita 60. Kichwa kinafika kikiwa bado kina mbio zote, kinapasuka, bega zima linakuwa kama jeli nyeusi, wachunaji wanakata wanatupa huku wanasonya. Na wana haki, maana nyama ile inagawiwa. Sisemi .300 mbaya, mahali ambapo mnyama yuko mita 300 ng'ambo ya uwanda haina mpinzani, ila miombo sio uwanda, huku ni majani, vichaka, vichuguu, mara nyingi mnapigana mita 60 mpaka 120 basi.

Twende kwa Wamarekani. .35 Whelen ilianza 1922, imepewa jina la Townsend Whelen, kanali wa jeshi la Marekani aliyekuwa mwandishi mkubwa wa mambo ya bunduki. Walichofanya ni kuchukua ganda la .30-06 wakapanua mdomo likabeba kichwa cha .358. Kwa miaka zaidi ya sitini ikabaki risasi ya mafundi, unajitengenezea mwenyewe, hadi Remington walipoitoa rasmi dukani 1988. Kichwa cha greni 250 kinatoka mita 730 kwa sekunde, jouli 4,300. Ukiweka pembeni ya 9.3 utaona zinakaribiana sana, ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, tofauti kubwa ni kwamba kichwa cha Whelen ni chepesi kidogo na kipimo cha kuzama kinashuka mpaka .279. Kwa pundamilia, kongoni, tandala, hutaona tofauti. Kwa pofu mzee aliyekaa kwa pembe mbaya nitachagua 9.3 bila kufikiria mara mbili.

.358 Winchester hii nayo inaniuma. 1955, wao walipanua ganda la .308, kwa hiyo bunduki inakuwa fupi na nyepesi, ya kubeba siku nzima. Kichwa cha greni 200 kwa mita 760. Ukisoma jouli utaidharau, 3,700 hivi, inazidiwa mpaka na .30-06, ndo maana nasema jouli peke yake zinadanganya, kwa sababu kitundu cha .358 ni kipana kuliko cha .308 kabla hata kichwa hakijaanza kukunjuka, na kwa mwendo ule nyama haiharibiki. Kwa ngiri, tohe, swala pala, hata kuro, ndani ya mita 150 hii ni risasi tamu sana. Iliuawa na wakati tu. Angalia, 1958 inakuja .338 Winchester Magnum, 1962 7mm Remington Magnum, 1963 .300 Winchester Magnum, Marekani nzima ikaingia homa ya magnum, nani atanunua risasi ya polepole kwenye bunduki fupi? Remington nao wakajaribu 1965 na .350 Remington Magnum, fupi nene yenye nguvu kama za Whelen, lakini wakaiweka kwenye Model 600, bunduki yenye mtutu mfupi, nyepesi mno, mlio unatoboa masikio na teke lake sio la kusimuliwa. Risasi haikuwa na kosa, bunduki ndo iliiponza.

.338 Federal ya 2006 ni wazo lile lile la ganda la .308 ila kwa kichwa cha .338. Nzuri, haina makuu, sina la kuongeza.

Waingereza walikuwa na .318 Westley Richards, ya 1910 hivi, greni 250 kwa mita 730 kwa sekunde. Karamojo Bell, yule mwindaji wa pembe aliyejipatia jina kule Karamoja, Uganda, aliitumia pamoja na risasi ndogo ya 7x57 aliyoipenda zaidi, na tembo aliowaua kwa jumla walizidi 1,000. Watu wanapenda kumtaja Bell kuonyesha kwamba risasi ndogo inatosha. Jamani. Bell alikuwa anasoma fuvu la tembo kama ramani, alikuwa anapiga ubongo, na tembo wa enzi zake hawajazoea mlio wa bunduki. Usimtumie kama kisingizio. Ila .318 yenyewe kama risasi ilikuwa ya maana kweli, kichwa kirefu chembamba kinachozama kwelikweli, na leo imebaki kwenye makabati ya watu wanaokusanya vitu vya kale. Ukiikuta jihadhari, jina linasema .318 lakini kichwa chake kina kipenyo cha .330, usijaribu kuweka kitu kingine humo.

Kuna ndugu wengine wawili wa 9.3. Ile 9.3x74R ina ganda refu lenye ukingo nyuma, ya bunduki za kukunja, Waustria na Wajerumani ndo wanazileta, kazi ni ile ile ya x62 ila bei ya bunduki unanunua gari. Na 9.3x64 ya Wilhelm Brenneke, 1927, hiyo inakaa kabisa bega kwa bega na .375, Warusi mpaka wameitengenezea bunduki ya kijeshi ya kudungulia, SVDK. Lakini kuipata dukani ni mtihani.

Sasa swali ambalo mtu atauliza, kama 9.3 ni nzuri hivyo kwa nini huku haijai? Moja ni historia. Vita vya kwanza vikaisha, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja na risasi zake na maduka yake. Ulaya wao waliendelea nayo, Wasweden na Wafini wanapigia elki, kulungu mkubwa wa kwao, mpaka leo, Wajerumani wanapigia nguruwe pori. Mbili ni sheria. Hapa Tanzania kwa nyati, simba, kiboko, tembo, kiwango cha chini ni .375. 9.3 ni .366. Tofauti ni milimita 0.23, chukua karatasi mbili za daftari uzibane pamoja, ndo hiyo. Zimbabwe wao wanakata kwa kipenyo cha milimita 9.2 pamoja na nguvu ya jouli 5,300 kwa nyati na tembo, hapo 9.3x62 inapita kwenye kipenyo lakini risasi ya dukani inakwama kwenye jouli. Mimi sina ugomvi na kuweka mstari, lazima uwe mahali fulani, bila mstari mtu atakuja na .270 kumchokoza nyati halafu traka ndo atakayekanyagwa. Ninachosema ni kwamba mstari wa nyati umewafanya watu waione 9.3 haifai hata kwa wanyama ambao hauwahusu.

Sababu ya tatu ni ya kawaida tu na mimi mwenyewe inanifunga mdomo nikibishana na mwindaji bingwa wetu. Bunduki inafika, begi la risasi limebaki uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Imetokea na itatokea tena. Mwenye .375 anacheka tu, kwenye sefu la kambi zipo, na kambi ya jirani zipo. Mwenye .35 Whelen atakaa anapiga picha ndege mpaka begi lije. Ukiwa unatoka nje lazima risasi zako ziwe kwenye kibali pamoja na bunduki, huwezi kusema utanunua Dar ukifika, na kwa hizi kaliba za kati hutazikuta.

Kwa hiyo kama unapanga safari na unaniuliza mimi, njoo na 9.3x62 moja yenye darubini ndogo isiyokuza sana, hakuna haja ya kuona nywele za mnyama. Risasi chukua greni 286 za ncha laini, zile ambazo madini ya risasi yameshikanishwa na koti la shaba yasiachane, achana na za greni 232, hizo ni za nguruwe wa Ulaya. Kwa pofu, pundamilia, palahala na tandala huhitaji kingine. Nyati mpige na .375 ya kambi, ya kukodi ipo, ila sema mapema ili makaratasi yaandaliwe. Na hizo 286 zako gawanya kwenye mabegi mawili.