Mkesha wa Brigid nyumbani kwetu Kildare

Mwaka 2023 Ireland ilipata sikukuu mpya ya taifa, ya kwanza nchini humo kupewa jina la mwanamke. Serikali ilikuwa imeitangaza Januari 2022, na siku yenyewe ya mapumziko ikaangukia Jumatatu, 6 Februari. Lakini huku Kildare, tunakoishi, watu hawakungoja Jumatatu. Mtakatifu Brigid ni wa kwao. Inasimuliwa kwamba ni yeye aliyeanzisha monasteri pale mjini, akafariki karibu mwaka 525, na sikukuu yake ni tarehe 1 Februari, siku ambayo kwa kalenda ya kale ya Waairishi majira ya kuchipua huanza. Mambo yote ya watoto hufanyika mkesha wake, tarehe 31 Januari. Mwaka ule ilikuwa Jumanne.

Giza lilishaanza kuingia, saa kumi na moja jioni, jirani yetu alipobisha hodi. Ni bibi aliyestaafu ualimu. Wanangu wakamkimbilia, "Shikamoo bibi!" naye akaitikia "Marahaba" yake ambayo ameizoea kabisa sasa. Kwapani alikuwa na fungu la milulu: majani marefu, mviringo, ya kijani kibichi, yasiyo na pingili, yanayoota kwenye malisho yenye majimaji. Wakulima wa huku hawayapendi, kwa sababu ng'ombe hawayataki na yanameza shamba. Alikuwa ameyang'oa kwa mkono, moja moja. Desturi haitaki yakatwe kwa kisu.

Yasingeweza kuingia ndani hivihivi. Msichana wa nyumba ndiye anayekuwa Brigid, kwa hiyo binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alivaa koti, akakumbatia fungu lote, akatoka na baba yake. Mlango ukafungwa. Ndani tukabaki mimi, bibi jirani, na mdogo wa binti yangu, wa miaka mitatu. Binti akabisha, akapaza sauti kwa Kiairishi alichofundishwa: pigeni magoti, fumbueni macho, mwacheni Brigid aingie. Sisi ndani, tukiwa tumepiga magoti kwenye sakafu ya korido, tukaitikia kumkaribisha. Huwa anaita mara tatu ndipo afunguliwe.

Baada ya mara ya pili mdogo alitambaa mpaka mlangoni, akainua kile kifuniko cha tundu la barua na kuuliza, "Ng'ombe yuko wapi?" Bibi alikuwa amemwambia kwamba Brigid hutembea usiku huu na ng'ombe wake mweupe. Nje kimya. Kisha sauti ya dada yake, ya upole sana, "Amebaki kwa bibi, anakunywa maji." Mdogo akaridhika, akarudi kupiga magoti, na mlango ukafunguliwa kwa shangwe ambayo naisikia mpaka leo.

Tulikula viazi vya kuponda vilivyochanganywa na kabichi, katikati ya kila sahani dimbwi la siagi, maana Brigid ni mtakatifu wa maziwa na wafugaji, na mezani kwake siagi haipimwi. Bibi alisimulia kwamba utotoni mwake waliweka kipande cha mkate dirishani kwa ajili ya mgeni, na konzi ya nafaka kwa ajili ya ng'ombe. Mdogo alitoa kabichi yote kwenye viazi vyake, jani kwa jani, akaipanga dirishani.

Kisha tukakaa kusuka msalaba. Jani la kwanza linasimama wima. La pili unalikunja katikati, unalivisha kwenye la kwanza, ncha zake zikitazama kulia. Unabana pale kati kwa kidole gumba, unageuza kazi yote robo mzunguko kuelekea kushoto, unakunja jani lingine juu ya lile lililotangulia, unabana tena. Unaendelea hivyo mpaka katikati kujengeke mraba na mikono minne ijitokeze, ndipo unafunga ncha kwa uzi na kuzilinganisha. Hakuna gundi. Kidole kikilegea, kila kitu kinafunguka. Milulu mibichi inalia kidogo ukiibana, na pale inapokunjwa ngozi hupasuka ukaona moyo wake mweupe, mwepesi, laini. Nyumba nzima ilinukia shamba lililolowa.

Mimi ni mtu wa Muheza. Bibi mzaa mama alisuka mikeka ya ukindu maisha yake yote, na vidole vyangu vilishika milulu ile kabla sijaelekezwa. Bibi jirani aliona. Akauliza nilijifunza wapi, nikamweleza jinsi ukindu unavyolowekwa usikatike, unavyopakwa rangi, ukili unavyosukwa mrefu kisha ukashonwa kwa kuzungushwa mpaka ukawa mkeka. Aliweka kazi yake chini akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika binti yangu mkono na kuweka kidole gumba chake juu ya kile kidogo ili kisilegee. Huku wanabana akamsimulia kwamba Brigid alisuka msalaba wa kwanza kwa milulu ya sakafuni, kando ya kitanda cha chifu mpagani aliyekuwa akifa.

"Akapona?"

"Hapana. Lakini alikufa ametulia."

Binti yangu alilitafakari hilo kwa majani mawili matatu, kisha akaendelea.

Napenda Siku ya Mtakatifu Patrick kama kila mtu, yale maandamano ya 17 Machi na watu waliovaa kijani toka kichwani. Ila pale mtoto anasimama kando ya barabara anatazama. Usiku wa Brigid hauna cha kutazama. Mtoto ndiye anabisha, ndiye anasuka, ndiye analisha ng'ombe, na mambo yote yako kwenye mlango wake na meza yake. Kwa mama anayelea mbali na kwao, hilo ni jambo kubwa mno.

Msalaba tuliutundika juu ya mlango wa jikoni. Wazee waliamini unazuia moto, enzi za nyumba za kuezekwa kwa nyasi.

Kikabaki kitambaa. Usiku ule huachwa nguo nje ili Brigid aibariki akipita, na mwaka mzima itatuliza kichwa na koo. Nilitoa leso. Binti yangu akaikataa. Alikuwa anakumbuka hadithi ya joho: Brigid alimwomba mfalme wa Leinster ardhi inayotosha joho lake tu, mfalme akakubali, na joho likatandazwa na kutanuka mpaka likafunika uwanda wote wa Curragh, karibu hekta 2,000, ambao sisi tunaupita kwa gari tukiwaona kondoo. Kwa mtu kama huyo, alisema, huwezi kuweka kitu kidogo. Akaenda kabatini akaleta kanga niliyopewa na mama siku naondoka Tanga. Tukaitandaza juu ya ua wa miti, kipande kizima cha doti.

Asubuhi ilikuwa imelowa chepechepe kwa umande. Kabichi dirishani haikuwepo, na mdogo aliitangaza habari hiyo mpaka shule ya awali. Bibi alikuja kabla hawajatoka, akaeleza kwamba kitambaa hugawiwa. Nikamtazama binti yangu, naye akaniletea mkasi. Tulikata pindo lote, bibi akapata chake cha kufunga kichwa, kingine kikapelekwa kwa mwalimu. Kilichobaki nilikihifadhi, na Machi mdogo alipokohoa usiku kucha alikataa kulala mpaka kifungwe shingoni. Nikakifunga, kisha nikampa dawa ya daktari.